Panga Nililofua kwa Mapigo Matatu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyomshika mkono mama ya msichana niliyetaka kumuoa. Usicheke kwanza. Ninyi mnaokua siku hizi mnawakumbatia wakwe zenu, tena mnapiga nao picha. Kwetu Bungoma wakati ule, mwanamume na mama mkwe wake walikuwa wakipishana kwa mbali. Hampeani mkono, hamkai benchi moja, na jikoni kwake huingii kamwe. Mimi niliingia jikoni, nikamshika mikono yote miwili, na posa yangu ilikuwa haijajibiwa. Chanzo cha hayo yote kilikuwa gemu ya runinga.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikukuta kwenye kochi, simu mkononi, ukimtazama mtu wa nchi za mbali akifungua injini ya trekta. Ukasema, "Hiyo ni rahisi, hata mimi naweza." Nilisikia sauti yangu mwenyewe ya zamani, nikashtuka mpaka chai ikanimwagikia. Kwa hiyo weka simu chini kidogo, unisikilize.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na sita. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, naishi Tuwan, hapo Kitale, na nilikuwa na kibanda cha mabati chenye runinga ile ya zamani yenye kichogo, na mashine ya gemu. Vijana wa mtaa walikuja kucheza mpira wa skrini kwa zamu. Lakini asubuhi, kabla hawajafika, niliweka diski yangu mwenyewe. Ilikuwa gemu ya nchi ya kubuniwa, yenye milima ya barafu, majitu, na mijoka inayoruka ikitema moto. Shujaa alitakiwa kupigana na kila kitu kilichosogea. Mimi vita sikuvipenda sana, nilipenda karakana ya mhunzi.

Katika gemu ile ulisimama mbele ya fuawe, kile chuma kizito ambacho wahunzi hufulia juu yake, kisha ukabonyeza kitufe. Shujaa aliinua nyundo akapiga mara tatu: kang, kang, kang. Kisha alichovya upanga kwenye pipa la maji, mvuke ukapaa, na maandishi ya dhahabu yakatokea kukupongeza. Ukifanya hivyo mara nyingi unapandishwa daraja. Mimi nilipanda mpaka daraja la mwisho, ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema Bwana wa Wahunzi Wote. Na haki ya Mungu, mwanangu, niliamini.

Nekesa alikuwa akisomea ushonaji Kitale, akawa anakuja kibandani kwangu kuchaji simu. Simu yake ilikuwa na betri mbovu, nami nilimshukuru Mungu kwa betri ile. Nilimpenda, na sioni haya kulisema hilo hata leo. Siku moja akaniambia kwamba baba yake, Mzee Makokha, alikuwa mhunzi kule Matulo, karibu na Webuye. Alikuwa akifua mapanga, majembe, na zile njuga za chuma ambazo vijana wetu hupiga wakiwaalika jamaa kwenye tohara. Moyo wangu uliruka. Nilijiona mimi na huyo mzee tumekaa pamoja tukizungumza mambo ya kazi yetu.

Nekesa akanisoma usoni, akanionya mapema. "Simiyu, ukimwambia baba yangu uko na kibanda ya gemu, atakubali. Yeye hachekangi kazi ya mtu. Lakini usimdanganye kitu ya chuma. Hiyo usijaribu."

"Nani atadanganya?" nikamuuliza, na wala sikuwa najitia hamnazo.

Basi Januari tukaenda Matulo, mimi na baba yangu mdogo, Wafula, aliyekuwa msemaji wangu. Baba Mdogo Wafula alikuwa amekuja kutoka Kimilili akiwa amevaa koti la suti aliloazima kwa jirani, na maneno mengi ya heshima aliyokuwa akiyarudia njiani kimoyomoyo. Kibanda changu hakuwahi kukiona. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba mimi ni mtu wa chuma, naye akafurahi kwamba ukoo umepata fundi.

Nyumba ile ya wahunzi ilikuwa na desturi yake. Kijana akija kuposa, kabla wazee hawajasema lolote, alishinda siku moja akivuta mvukuto, ule mfuko wa ngozi unaopulizia moto hewa. Hakufua kitu. Alipuliza tu, na mwenye nyumba akimtazama. Ni kazi inayochosha mabega na haina sifa yoyote. Leo nikifikiri naona ilikuwa desturi ya akili sana, maana mtu ukimtazama siku nzima akifanya kazi isiyo na sifa, umeshamjua.

Mzee Makokha alikuwa mfupi, mikono mikubwa, na nyusi ambazo nusu yake iliungua zamani haikurudi. Alinionyesha mvukuto, akasema, "Karibu, kijana. Anza hapo."

Nami, Bwana wa Wahunzi Wote, nikatabasamu. "Mzee, hiyo ni kazi ya mtu mwenye hajui kitu. Mimi nipe nyundo."

Mzee aliweka kikombe chake chini. "Ati wewe ni mhunzi?"

"Ndiyo, mzee. Kitale."

"Umefua panga ngapi?"

"Wiki iliyopita tu nilifua sitini."

"Sitini! Wiki moja? Peke yako?"

"Ni kuzoea tu, mzee."

Baba Mdogo Wafula akatikisa kichwa kwa fahari. Nekesa, aliyekuwa ameleta chai, alisimama na birika mkononi akafumba macho. Niliona, lakini nikadhani ni furaha imemzidi.

Mzee hakubishana. Aliingia ndani ya karakana akatoka na panga ambalo alikuwa amelifua kutokana na springi ya lori. Umbo lilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kulinyoosha kidogo na kulikomaza kwa moto. "Malizia hii," akasema. "Ukimaliza, utakata hiyo gogo ya mkaratusi, harafu tuongee mambo ya msichana." Kisha akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono.

Sasa kumbuka, mtu wa kuvuta mvukuto hakuwepo, maana mimi nilikuwa nimeikataa kazi hiyo. Ikabidi Baba Mdogo Wafula aivute, na koti lake la kuazima. Cheche ya kwanza ilitua kwenye mkono wa koti. Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba moto una joto. Utaniona mjinga, lakini miezi yote ile mbele ya runinga hakuna hata siku moja niliyotoka jasho. Pale Matulo nywele za mkono wangu ziliisha kabla sijafika kwenye chuma. Macho yalinitoka machozi. Nikalitoa panga likiwa jekundu, nikaliweka kwenye fuawe, nikapiga. Pigo la kwanza lilikosa panga kabisa likagonga fuawe, na mtetemo ukanipanda mpaka kwenye meno. La pili lilipata. La tatu lilipata kidogo. Kisha nikasimama, nyundo juu, nikingojea kitu. Nadhani nilikuwa nangojea yale maandishi ya dhahabu.

"Umemaliza?" Mzee akauliza.

"Bado maji, mzee."

"Kuna kitu unataka kuniuliza mbele ya maji?"

Mwanangu, hilo swali lilikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Ningeuliza chochote pale ningeokoka. Nikasema, "Hapana, mzee," nikalirudisha panga motoni mpaka likawa jekundu tena, kisha nikalitumbukiza lote, kutoka ncha mpaka shina, ndani ya pipa la maji baridi. Lo, mvuke! Ulipaa vizuri kuliko hata kwenye gemu. Ndani ya ile sauti ya mvuke nilisikia tiki ndogo, kama mtu anayevunja kijiti. Mzee Makokha naye aliisikia. Nilimwona akifumba jicho moja.

"Hurudishi kwa moto polepole?"

"Imetosha, mzee."

"Sawa. Watu wasogee." Aliwasogeza Baba Mdogo na kuku wote upande mmoja, maana alijua kitakachotokea. Kile ambacho hakujua ni namna nilivyofundishwa kukata. Yeye alifikiri nitalikata lile gogo kama watu wanavyokata kuni. Mimi nilirudi nyuma hatua tatu, nikainua panga kwa mikono miwili, nikazunguka mzima mzima kama shujaa wangu anavyozunguka akikata shingo ya joka.

Panga liligonga gogo likakatika katikati. Nusu ya mbele iliruka juu ya kichwa cha Baba Mdogo Wafula, ikavuka ua, ikaingia kwa mlango wa jikoni. Tukasikia sufuria ikilia na mwanamke akipiga yowe. Kisha kimya.

Sikuwahi kuogopa hivyo maishani, wala sijaogopa hivyo tena. Nilijua nimeua. Nilitupa kile kipande nilichobaki nacho, nikakimbia, nikaingia jikoni. Mama Nekesa alikuwa ameketi karibu na jiko, na kipande cha panga kimesimama wima ndani ya sufuria ya kuku, mchuzi umemrukia kwenye leso. Nikapiga magoti, nikamshika mikono yote miwili, nikaanza kuigeuzageuza nikitafuta damu. "Mama, umeumia? Mama, nisamehe!"

Hakuwa na hata mkwaruzo. Alinitazama. Akaitazama mikono yake ndani ya mikono yangu. Kisha akatoa yowe lililolizidi la kwanza mara tatu: "Wooi! Mkwe amenishika!"

Huko nje nilimsikia Baba Mdogo Wafula akiuliza njia fupi ya kwenda barabarani.

Wazee wa boma walikutana hapo hapo. Walisema kondoo aletwe kusafisha jambo hilo, na posa isimame. Wengine walitaka isisimame tu, ife kabisa. Nekesa alikuwa amekaa nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ua, mchuzi wa kuku ukinikaukia kwenye suruali.

Mzee Makokha akaokota vipande viwili vya panga. Akanionyesha mahali palipokatika. "Angalia ndani. Unaona inang'aa kama sukari? Uliipea maji yote mara moja, ikakuwa ngumu sana. Chuma ngumu hivyo haina huruma, inavunjika. Ilikuwa irudi kwa moto kidogo, ilainike, ijue kuvumilia. Sasa niambie ukweli, kijana. Karakana yako iko wapi?"

"Ni ya runinga, mzee."

"Ya nini?"

"Ya runinga. Kuna gemu. Unabonyeza."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mzee aliniangalia na zile nusu nyusi zake. "Nitakuja nione hiyo karakana," akasema.

Akaja kweli, wiki iliyofuata, mchana, amevaa kofia yake ya kanisani. Kibanda kilijaa vijana wangu wa Tuwan. Niliwasha mashine, nikamwonyesha Bwana wa Wahunzi Wote akifanya kazi. Mzee alisogeza benchi mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Huyu mtu amebeba panga saba kwa mgongo. Analala aje?"

"Halali, mzee."

"Chuma anatoa wapi?"

"Akiua ule mnyama mkubwa, mnyama anaangusha chuma."

"Sisi Webuye hungoja lori ianguke," akasema, na vijana wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka. "Na hii moto inakula nini? Sioni makaa. Sioni mtu akivuta mvukuto. Leta hiyo kitu nishike."

Nikampa vidhibiti. Mwanangu, yule mzee alicheza mpaka vijana wakasahau zamu zao, lakini hakufua hata kisu kimoja. Alikataa. Kila nikimwambia abonyeze, alisema chuma haijapata rangi. Alimpeleka shujaa nyuma ya nyumba kutafuta makaa. Alimpeleka msituni kutafuta kuni. Alimrudisha karakanani akamzungusha kila kona, akitafuta mvukuto. Kijana mmoja mrefu akamsihi, "Buda, si ubonyeze tu hapo, bana! Inaiva yenyewe!" Mzee akamjibu, "Ikiiva yenyewe basi si chuma, ni ndizi." Hatimaye joka likatokea, likafungua kinywa, likampulizia shujaa wetu moto akateketea na panga zake zote saba.

Mzee Makokha akaruka kutoka kwenye benchi. "Hiyo hapo! Kumbe mvukuto iko kwa tumbo ya huyu nyoka!"

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akavua kofia, na sisi sote tukacheka naye, na kwa mara ya kwanza tangu Matulo nilipumua.

Alipotulia akaniambia, polepole, mbele ya vijana wangu. "Hii si mbaya, ni hadithi. Hata nyanya yangu alikuwa na hadithi ya zimwi, na hakuna mtu aliuliza zimwi linalipa kodi wapi. Yule alitengeneza hii alijua anatunga. Makosa ni yako wewe, kutoka ndani ya hadithi ukaja kwangu ukakataa mvukuto." Akavaa kofia. "Kama bado unataka Nekesa, kuja uvute."

"Siku moja, mzee?"

"Siku moja ilikuwa ya mtu hajui kitu. Wewe unajua vibaya. Wewe ni mpaka mvua."

Nikafunga kibanda siku nne kila wiki, nikavuta mvukuto mpaka mvua. Nilipeleka kondoo pia. Mabega yaliuma mpaka nilikuwa navaa shati nikiwa nimeketi. Hakunipa nyundo kwa wiki tano. Nilipuliza na kutazama, nikaanza kuona rangi ambazo zamani sikujua zipo: wekundu wa asubuhi, wekundu wa kilemba cha jogoo, na ile rangi ya nyasi kavu inayotambaa kwenye makali chuma kikirudishwa motoni polepole. Hapo ndipo unapokitoa, wala si kabla wala baada. Hakuna kitufe cha kukuambia. Niliharibu vipande vingi, na kila nikiharibu kimoja Mzee aliuliza swali lile lile: "Kuna kitu unataka kuniuliza?" Nikajifunza kuuliza. Niliuliza mpaka akachoka na mimi.

Machi, mawingu yakaanza kujikusanya, akaniruhusu kufua jembe moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Lilitoka baya. Lilikuwa limepinda kidogo kushoto, na upande mmoja mnene kuliko mwingine. Mzee aliligonga kwa ukucha, akalisikiliza, akalitia mpini mfupi wa mti uliokuwa karibu, akalisimamisha nje ya mlango wa jikoni. Kisha akaniambia kwamba yeye ameshamaliza. Aliyeshikwa mkono ndiye atakayeamua. Mama Nekesa akilipeleka jembe shambani na likarudi zima, posa imekubaliwa. Akiliacha pale mlangoni, nirudi Kitale kwa amani.

Asubuhi mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha, nilimwona kwa mbali akitoka jikoni. Alisimama mbele ya lile jembe muda mrefu. Nilikuwa nyuma ya mvukuto na sikuwa nimeuvuta, moto ulikuwa unakufa, na Mzee hakunigombeza. Mama akaliinua. Akalipima mkononi, akaliweka begani, akaenda.

Siku nzima nilisikia jembe likigonga mawe. Shamba lile la Matulo lina mawe, mwanangu. Kila lilipogonga nilikunja uso. Nilisali sala zote nilizofundishwa Jumapili, na nyingine nilizitunga hapo hapo. Jua likiwa bado juu kidogo, Nekesa alikuja karakanani. Mama hangeweza kuongea nami mwenyewe, basi alimtuma yeye.

"Mama anasema jembe yako inavuta kushoto," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Anasema pia haijavunjika."

Nikainua kichwa.

"Na anasema mkwe atafute mpini mrefu, huu wako unamuumiza mgongo."

Mkwe. Alisema mkwe. Nilikaa chini kwenye majivu nikalia, na Mzee Makokha akawaambia watu kwamba ni moshi.

Nekesa ndiye aliyepika hiyo chai unayokunywa. Mama yake bado yuko Matulo, na jembe lile bado analo. Limelika kwa mawe mpaka limebaki dogo, nami nimemfulia mengine matano mazuri kuliko hilo, ameyagawa kwa majirani. Hajaniambia sababu. Hawezi kuniambia, maana mpaka leo hatujapeana mkono tena, wala hatujakaa karibu. Nafua milango na majembe hapa Kitale, na gemu bado nacheza, usidhani nimeacha. Ila nikifika kwenye ile karakana nasimama kwanza, natafuta mvukuto, kwa heshima ya mzee.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Tazama, cheza, furahia, hadithi ziliumbwa zifurahiwe. Lakini ukiingia kwa mwenye kazi, ingia kama mtu asiyejua, hata kama unajua. Ukipewa kazi isiyo na sifa, ifanye, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokutazama. Na ukiulizwa kama una swali, kuwa nalo, hata kama itakubidi ulitunge.

Mungu akupe mabega ya kuvuta na subira ya kungoja rangi. Akupe mtu wa kukucheka bila kukufukuza, kama alivyonipa mimi. Chochote utakachofua kwa mikono yako, hata kikivuta kushoto, kirudi kutoka shambani kikiwa kizima. Na siku yako ya kuposa ikifika, akuepushe na jikoni kwa mama mkwe.